Urithi wa Viwanda katika Migodi ya Kale ya Dhahabu: Mtazamo kutoka Songea

Makala haya yanachunguza kwa nini migodi ya kale ya dhahabu nchini imekosa mlinzi, ilhali kumbukumbu nyingine za enzi ya ukoloni zimehifadhiwa. Mjini Songea, mashujaa wa Majimaji walionyongwa tarehe 27 Februari 1906 wana makumbusho, na kila mwaka wazee na wazao wao hukusanyika kuwakumbuka. Urithi huo una wenyewe. Mgodi hauna.

Dhahabu ya Sekenke, wilayani Iramba, ndiyo Wajerumani waliyoitumia Tabora mwaka 1916 kutengeneza sarafu za rupia 15. Sarafu hizo hutafutwa na wakusanyaji duniani kote. Mahali zilikotoka dhahabu yake ni wachache wapajuao.

Kikwazo cha kwanza ni sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 huyapa ulinzi wa moja kwa moja majengo ya kabla ya mwaka 1863. Mitambo ya migodini yote ni ya baadaye, hivyo ulinzi wake hutegemea tamko la Waziri. Tamko likichelewa, vyuma huuzwa kama chakavu, na marudio huchenjuliwa upya kwa sayanaidi. Mchimbaji mdogo hastahili lawama hapa, kwa kuwa anatafuta riziki. Hata hivyo, marudio yenyewe ni ushahidi: kiasi cha dhahabu kilichosalia humo huonyesha udhaifu wa uchenjuaji wa zamani. Kuchukua sampuli, picha na vipimo kabla ya kazi kuanza hakumzuii mchimbaji.

Kikwazo cha pili ni mtawanyiko wa wahusika. Utafiti wa Gulliver wa mwaka 1955 kuhusu Wangoni na Wandendeule ulieleza jinsi wanaume wa Songea walivyoondoka kwenda kufanya kazi mbali, hasa kwenye mkonge. Migodi nayo ilitegemea vibarua wa mbali, waliorejea makwao mikataba ilipokwisha. Mkataba wa Nizhny Tagil wa mwaka 2003 unahesabu makazi ya wafanyakazi kuwa sehemu ya urithi wa viwanda. Kwa hali yetu, mtafiti hana budi kuwafuata wafanyakazi hadi vijijini mwao, asiishie shimoni. Kibarua aliyekuwa na miaka 20 mgodi wa Geita ulipofungwa mwaka 1966, leo ni mzee wa takriban miaka 80.