Mbwa wa Bariadi Hahitaji Ndege

Katika nchi za ng'ambo imezuka desturi ambayo babu zetu wasingeisadiki. Watu wa Uingereza, Ujerumani na Marekani huwachukua mbwa koko waliookotwa njiani katika nchi za mbali, wakawalipia nauli ya ndege na kuwaweka nyumbani mwao kama watoto wa kulea. Msomaji wetu wa Bariadi asikiapo habari hizo huenda akacheka. Sisi hatucheki. Kumhurumia kiumbe asiyeweza kujisemea si jambo la aibu. Lakini huruma isiyofuatana na hadhari yaweza kubeba msiba ndani ya sanduku la safari.

Juni 2021 ndege iliyotoka Azerbaijan ilishusha Chicago mbwa zaidi ya 30 waliookolewa ili wapewe watu wa kuwatunza. Mmoja wao, aliyepelekwa Pennsylvania, alidhihirika kuwa na kichaa cha mbwa. Mwezi uliofuata serikali ya Marekani ilisimamisha uingizaji wa mbwa kutoka nchi zaidi ya 100 zenye ugonjwa huo kwa wingi, Tanzania ikiwamo. Tangu Agosti 2024 zimewekwa kanuni mpya: mbwa lazima awe ametimiza miezi 6, awe na alama ya kumtambulisha chini ya ngozi, na atokapo katika nchi za namna hiyo awe na hati za chanjo.

Hatuna sababu ya kuwanung'unikia Wamarekani. Kila mwenye nyumba hulinda mlango wake. Swali letu ni hili: sisi twalindaje wetu?

Mbwa tumwonaye akizurura sokoni Bariadi, au akifuata ng'ombe katika mbuga za Meatu na Itilima, mara nyingi si mbwa asiye na mwenyewe. Wataalamu waliochunguza vijiji vyetu wameona kwamba walio wengi wana wenyewe. Wana boma wanalolinda usiku, na mtoto wanayekwenda naye machungani asubuhi. Ila wenyewe hao humjua mbwa wao mwizi ajapo, na humkana bwana mifugo ajapo. Basi mbwa huyo hahitaji ndege ya kumpeleka ng'ambo. Anahitaji sindano moja, na mtu wa kusema, "Huyu ni wangu."

Kwa nini twasema haya kwa ukali? Kwa sababu kichaa cha mbwa hakina mzaha. Dalili zake zikishamtokea mwanadamu, tiba ya kumwokoa karibu haipo. Duniani kote inakadiriwa kwamba watu 59,000 hufa kwa ugonjwa huu kila mwaka, na karibu wote huupata kwa kuumwa na mbwa. Hapa Tanzania, makadirio yaliyotolewa mwaka 2002 yalitaja watu wapatao 1,500 kwa mwaka. Na wanaoumwa zaidi ni watoto, maana ndio wanaokaa na mbwa machungani na michezoni. Louis Pasteur alimchanja mtoto wa kwanza mwaka 1885. Mtu kufa leo kwa maradhi ambayo kinga yake imejulikana muda wote huo ni deni letu sote.

Wala hasara haiishii kwa binadamu. Mwaka 1994 virusi vya distempa, vinavyoenea sana kwa mbwa, viliingia Serengeti vikaua karibu theluthi moja ya simba wa huko. Simba hao ni jirani zetu wa upande wa mashariki. Katika miaka iliyofuata wataalamu wa Tanzania na wenzao wa ng'ambo, wakiwamo wa bustani ya wanyama ya Lincoln Park iliyoko Chicago, walianza kupita vijiji vinavyozunguka hifadhi, pamoja na vya Bariadi na Meatu, wakichanja mbwa bila malipo. Wakati huo Bariadi ilikuwa bado katika Mkoa wa Shinyanga. Mkoa wa Simiyu ulizaliwa mwaka 2012.

Kazi hiyo ina hesabu yake. Ugonjwa hukosa njia ya kupita pale ambapo mbwa 70 katika kila 100 wamechanjwa. Lakini mbwa hufa na watoto wa mbwa huzaliwa, kwa hiyo chanjo ya mwaka jana haitoshi mwaka huu. Na yule asemaye kwamba vijijini hakuna barafu ya kuhifadhi dawa, ajue kwamba utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliofanywa kwa mbwa wa Tanzania, ulionyesha kuwa chanjo moja iliyowekwa katika joto la digrii 30 kwa miezi 3 bado ilifanya kazi.

Sasa twasema wazi. Kwanza, mwenye mbwa ampeleke siku ya chanjo, hata kama ni kwa kamba ya katani, na aitunze hati yake. Pili, viongozi wa vijiji watangaze siku hiyo mapema, wala wasingoje kengele ya mgeni. Tatu, aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku ile ile. Asingoje kuona kama mbwa atakufa. Nne, wenye madaraka wahakikishe kwamba akifika ataikuta dawa, na kwamba bei yake haimlazimishi mkulima wa pamba kuchagua kati ya mbuzi wake na mtoto wake.

Mashirika makubwa ya afya duniani yameweka lengo kwamba ifikapo mwaka 2030 pasiwe na mtu afaye kwa kichaa cha mbwa. Lengo hilo halitafikiwa kwa kuwahamisha mbwa mmoja mmoja kwa ndege. Litafikiwa chini ya mti wa mkutano kijijini, siku mtoto wa mchungaji atakapofika amemshika mbwa wake, na baba yake nyuma akikiri mbele ya watu kwamba mbwa ni wao. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ufa huu twaujua ulipo.