Kwa Nini Kyela ni Nchi ya Ng'ombe na Si ya Farasi

Katika uwanda wa Kyela, unaoanzia chini ya miteremko ya Rungwe na kuishia kwenye fukwe za Ziwa Nyasa katika kimo cha mita 500 hivi kutoka usawa wa bahari, mnyama mkubwa wa nyumbani ni ng'ombe, na maisha ya kaya yamefungamana naye tangu zamani katika mahari, maziwa, kilimo na hadhi ya mwenye boma. Farasi, ambaye katika sehemu nyingi za dunia ndiye aliyebeba watu, mizigo na hata vita, hakupata nafasi hapa, na wapo wanaodhani kwamba kilichokosekana ni fedha au desturi ya kumfuga. Dhana hiyo haitoshi, kwa kuwa chanzo kikubwa kimo katika virusi, katika wadudu na katika umbo la tumbo la mnyama mwenyewe, na mambo hayo hayo ndiyo yanayoamua, hadi leo, kazi za asubuhi na jioni za mfugaji mwenye ng'ombe wawili au watatu kando ya migomba yake.

Adui mkuu wa farasi barani Afrika ni ugonjwa unaoweza kuitwa homa ya farasi ya Afrika, unaoletwa na virusi vya aina tisa tofauti ambavyo kinga dhidi ya aina moja haimhakikishii mnyama usalama dhidi ya nyingine. Virusi hivyo huishambulia mishipa myembamba ya damu mpaka ikavuja, hivyo maji hujaa katika mapafu, povu jeupe hutoka puani, au vishimo vilivyo juu ya macho huvimba, na katika hali iliyo kali zaidi farasi anaweza kuonekana mzima asubuhi na kufa kabla siku haijaisha. Kati ya farasi wasio na kinga, vifo katika hali hiyo huweza kupita 90 kwa kila 100, ilhali punda wengi hupona na pundamilia huambukizwa bila kuonyesha dalili yoyote. Tofauti hiyo ina maelezo ya kihistoria: pundamilia na punda asili yao ni Afrika na wameishi na virusi hivyo kwa muda mrefu mno, wakati farasi alifugwa kwanza katika nyika za Ulaya ya mashariki na Asia zaidi ya miaka 4,000 iliyopita, mbali na ugonjwa huu, na kwa hiyo aliingia Afrika akiwa hana silaha ya mwilini. Walowezi wa Rasi ya Afrika Kusini walilijua hilo kwa uchungu katika mlipuko wa mwaka 1854 hadi 1855, ulioua farasi wapatao 70,000.

Anayeubeba ugonjwa huo kutoka mnyama mmoja hadi mwingine ni mdudu mdogo mno wa jenasi ya Culicoides, mwenye urefu wa milimita 1 hadi 3 tu, ambaye hupita katika wavu wa kawaida wa mbu bila shida na huuma zaidi machweo, usiku na alfajiri. Asichanganywe na inzi weusi wa mito ya Rungwe na Kyela, wanaoeneza kwa binadamu ugonjwa wa usubi, kwani hao huzaliana katika maji yaendayo kasi, ambapo mdudu wa farasi hutaga katika udongo wenye unyevu na mbolea. Spishi yake inayojulikana zaidi kwa kueneza homa hii, Culicoides imicola, haipendi maji yaliyotuama kabisa, kwa sababu pupa wake, yaani hatua inayofuata ile ya buu, huzama na kufa pale udongo unapofurika. Kwa hiyo jaruba la mpunga lililojaa maji halimfai, bali kinachomfaa ni tope la pembeni mwa jaruba, la mlangoni mwa zizi na la mahali ng'ombe wanaponyweshea. Kyela, ambako mvua katika sehemu nyingi hupita milimita 2,000 kwa mwaka na joto halipungui sana usiku, haikosi tope la namna hiyo.

Adui wa pili ni mbung'o, anayebeba vimelea vya nagana, ugonjwa ambao David Bruce alionyesha chanzo chake huko Zululand mwaka 1895. Mbung'o hukaa zaidi katika misitu ya miombo kuliko katika uwanda uliolimwa, lakini kufika Kyela kwa njia ya nchi kavu kutoka pwani kulimaanisha kuikatiza misitu hiyo, na farasi hudhoofika upesi kwa nagana kuliko ng'ombe wengi wa asili. Vita Kuu ya Kwanza ilitoa ushahidi usiohitaji maabara. Wapanda farasi wa Afrika Kusini walioingia kaskazini na katikati ya Afrika Mashariki ya Kijerumani mwaka 1916 walipoteza maelfu ya wanyama kwa magonjwa haya, na jeshi la Waingereza chini ya Jenerali Northey, lililovuka kutoka Nyasaland, yaani Malawi ya leo, mwezi wa Mei mwaka huo huo na kuiteka Neu Langenburg, yaani Tukuyu ya leo, lilisafirisha chakula na risasi zake kwa migongo ya wapagazi. Gharama ya kukosekana kwa mnyama wa mizigo ililipwa na binadamu, na hilo ni jambo ambalo vitabu vya vita hulitaja kwa ufupi kuliko linavyostahili.

Hiyo haina maana kwamba farasi hawezi kuishi Afrika Mashariki. Wanafugwa katika nyanda za juu za Kenya na kushindanishwa katika uwanja wa Ngong jijini Nairobi, ila ufugaji huo husimama juu ya chanjo na ratiba isiyovunjwa ya kuwaingiza ndani kabla ya jua kuchwa. Kwato zao hukwanguliwa uchafu kila siku, kwa kuwa farasi anayesimama katika matope kwa muda mrefu huoza sehemu laini ya chini ya ukwato, na malazi yake ni lazima yawe makavu. Kwa mwenye eneo dogo la Kyela, ambako kipindi cha mvua ni kirefu na mito ya Kiwira, Mbaka, Lufilyo na Songwe hufurika mara kwa mara, sharti hilo la ukavu peke yake lingekula nguvu kazi ya nyumba nzima.

Tumbo nalo lina hoja yake. Farasi huchachusha nyasi katika utumbo mpana, yaani baada ya chakula kupita katika tumbo dogo na utumbo mwembamba, na tumbo lake humwaga asidi wakati wote, jambo linalomlazimu kula kidogo kidogo kwa saa nyingi za mchana na usiku. Isitoshe, hawezi kutapika, na majani yaliyoota ukungu yanaweza kumletea msokoto wa tumbo wa kumuua. Ng'ombe huanza kwa kuchachusha. Chakula huingia kwanza katika rumeni, chumba kikubwa cha tumbo kilichojaa bakteria na viumbe wengine wadogo wanaovunjavunja nyuzi ngumu za majani, kisha mnyama hulala na kucheua, na vijidudu hivyo vyenyewe humeng'enywa baadaye na kuwa protini. Kwa sababu hiyo ng'ombe huweza kujazwa tumbo kwa nusu siku na kutulia kwa nusu nyingine, na huweza kunufaika na masalia ambayo Kyela inayo kwa wingi: nyasi za mpunga baada ya mavuno, pumba kutoka mashine za kukoboa, majani ya migomba na vigogo vyake vilivyokatwakatwa. Kigogo cha mgomba ni maji zaidi ya sehemu tisa katika kumi, hivyo hukata kiu kuliko kinavyoshibisha, na mfugaji anayempa ng'ombe wa maziwa kigogo bila mabingobingo au pumba ataliona kosa lake ndani ya ndoo ya kukamulia.

Utunzaji wa karibu wa ng'ombe katika nchi ya Wanyakyusa si jambo la jana. Mvumbuzi Joseph Thomson, aliyefika kaskazini mwa ziwa mwaka 1879, aliusifu usafi na mpangilio wa makazi aliyoyakuta, na wanaanthropolojia Monica na Godfrey Wilson, waliofanya utafiti wao kati ya mwaka 1934 na 1938, waliandika juu ya ng'ombe waliolazwa ndani ya nyumba, wavulana waliochunga mifugo ya baba zao, na samadi iliyopelekwa migombani. Katikati ya tarehe hizo mbili lilipita janga la sotoka, lililofyeka ng'ombe wa Afrika Mashariki katika miaka ya 1890 na ambalo dunia ilitangazwa kuwa huru nalo mwaka 2011 tu. Mfugaji anayelaza ng'ombe wake karibu huona mapema ng'ombe aliyeacha kucheua, na hiyo ni dalili yenye thamani kuliko vipimo vingi vinavyochelewa.

Leo sehemu kubwa ya mashamba ya Kyela imejaa mpunga, kakao na migomba, machunga yamepungua, na ng'ombe wa kaya ndogo hufungwa kamba kwenye kingo za mashamba au hulishwa bandani kwa majani yaliyokatwa. Kila njia ina hatari yake. Ng'ombe aliyefungwa karibu na majaruba hula majani ya chini yaliyoshikwa na vifuko vya minyoo ya ini, ambayo mabuu yake hukulia ndani ya konokono wa maji baridi kabla ya kuogelea na kujibandika kwenye nyasi; ng'ombe wa namna hiyo hukonda taratibu, huvimba chini ya taya na hupungukiwa na damu. Anayekata majani ya bandani hupunguza hatari hiyo kwa kuyakata mbali na maji, au kwa kuacha sehemu ya shina iliyokuwa imezama, na kuyaanika juani kwa muda kabla ya kuyatia horini.

Hata hivyo ugonjwa unaostahili umakini kuliko yote ni ndigana kali. Husababishwa na kimelea cha seli moja kiitwacho Theileria parva, kinachobebwa na kupe wa kahawia anayependa masikio, na ajabu ya kimelea hiki ni kwamba huingia ndani ya chembe nyeupe za damu, askari wenyewe wa mwili, na kuzifanya zigawanyike bila kukoma kwa namna inayofanana na saratani. Tezi iliyo chini ya sikio huvimba kwanza, homa hupanda, mnyama huhema kwa shida mapafu yanapojaa maji, na asiyetibiwa huweza kufa katika muda wa wiki mbili au tatu tangu dalili zianze. Ng'ombe wa asili waliozaliwa katika maeneo yenye kupe huwa na ustahimilivu kiasi, lakini ndama wao bado hufa, na ng'ombe wa kisasa waliochanganywa na Friesian huangamia kwa wingi mno.

Kupe huyu huishi kwa kubadilisha wenyeji watatu: hunyonya akiwa buu, huanguka, hubadilika, hupanda mnyama mwingine, na kadhalika mpaka awe mkubwa. Huokota kimelea katika hatua moja na kukitema katika hatua inayofuata, wala hakirithishi kwa mayai yake. Jambo lenye manufaa kwa mfugaji ni kwamba kupe aliyejishika leo haambukizi leo, kwa sababu kimelea huhitaji siku kama tatu au nne za kunyonya damu ili kukomaa ndani ya tezi za mate za kupe. Kaya yenye ng'ombe wawili, ambayo kila jioni hupapasa masikio kwa ndani, chini ya mkia, katikati ya mapaja na pembeni mwa kiwele, ikawang'oa kupe na kuwachoma, hupata kwa vidole vyake sehemu kubwa ya kinga ambayo mwenye mamia ya ng'ombe huitafuta kwenye josho. Dawa ya kuogeshea haiachwi kwa sababu hiyo. Ila ichanganywe kwa kipimo kilichoandikwa, kwa kuwa dawa iliyozimuliwa mno huwaacha hai kupe sugu na kuwaua wengine, na baada ya misimu michache huwa imebaki haina kazi.

Ipo pia chanjo, iliyotokana na utafiti wa Muguga nchini Kenya, ambayo haitumii kimelea kilichouawa kama zilivyo chanjo nyingine nyingi: ng'ombe hudungwa vimelea hai vilivyotunzwa katika nitrojeni ya kimiminika, na papo hapo hudungwa antibiotiki ya kukaa muda mrefu mwilini, ili ugonjwa uje kwa upole na kinga ibaki. Dozi moja hutosha kwa miaka mingi. Chanjo hiyo imetumiwa sana na wafugaji wa Kimasai wa kaskazini mwa Tanzania, na siku hizi hutengenezwa Lilongwe, nchini Malawi, ng'ambo ya Mto Songwe. Kizuizi chake kwa mwenye ng'ombe wachache ni kwamba mrija mmoja una dozi za wanyama wengi na ukishayeyushwa ni lazima utumike siku hiyo hiyo, kwa hiyo majirani wa Ipinda, Matema au Kasumulu wanaotaka kuchanja ndama wao wana sababu ya kujiandikisha pamoja kwa afisa mifugo wa kata, wakakubaliana siku moja na mahali pamoja, na kuwaleta ndama wote wakiwa wazima.