Kifafa cha muda mrefu na 'nyaya' za ubongo

Kuna swali ambalo wazazi wengi huliuliza mwishoni kabisa, wakiwa wameshanyanyuka kwenye kiti: "Daktari, huku kuanguka kila mara hakumharibu mwanangu ubongo?" Ni swali la haki, na wiki hii nalijibu.

Ubongo una sehemu ya kijivu na sehemu nyeupe. Ya kijivu ina seli zinazofikiri, kukumbuka na kutoa amri. Nyeupe ni nyuzi zinazounganisha seli hizo. Weupe wake unatokana na utando wa mafuta unaozizunguka, kama plastiki inayofunika waya wa umeme, na utando huo ndio unaofanya taarifa zisafiri haraka.

Mwaka 2020 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa kimataifa uliolinganisha picha za MRI za watu 1,249 wenye kifafa na 1,069 wasio nacho. Kwa wenye kifafa, nyuzi zilionekana kudhoofika katika maeneo mengi, likiwamo daraja linalounganisha nusu mbili za ubongo. Walioathirika zaidi walikuwa wenye kovu kwenye eneo la kumbukumbu. Miongoni mwao, mabadiliko yalikuwa makubwa zaidi kwa walioanza kuugua wakiwa wadogo na walioishi na ugonjwa kwa miaka mingi.

Usiogope, mzazi. Hii haina maana kwamba kila anayeanguka atapoteza akili. Wakati mwingine kilicholeta kifafa, kama vile kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, malaria kali au homa ya uti wa mgongo, ndicho kilichogusa nyuzi hizo tangu mwanzo. Pia usikimbilie kulipia kipimo. Mabadiliko haya huonekana kwa MRI ya aina maalumu, na picha ya kawaida inaweza kusomeka safi.

Lakini mtoto akisahau upesi au akichelewa kujibu darasani, usimwite mvivu wala usimchape. Zungumza na mwalimu, kisha mweleze daktari, kwa sababu hata dawa zenyewe zinaweza kuleta uzito wa kufikiri na dozi ikarekebishwa.

Lililo mikononi mwako ni kuzuia degedege zisijirudie. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakipata matibabu sahihi. Kwa hiyo:

Mpe dawa kila siku kwa saa ileile, hata akiwa mzima. Usiziache ghafla, kuacha ghafla kunaweza kuleta degedege zisizokatika.

Andika kwenye daftari tarehe na muda wa kila tukio, uje nalo kliniki.

Ikiwa dawa mbili zilizochaguliwa vizuri na kutumiwa sawasawa zimeshindwa, omba rufaa kwa bingwa wa mishipa ya fahamu. Usikae miaka mitano ukiongezewa vidonge vilevile.

Akianguka, mlaze ubavu, ondoa vitu vya hatari, usimtie kijiko mdomoni. Mate yake hayaambukizi kifafa, basi usimkimbie. Zikipita dakika 5 hajatulia, au zikifuatana bila kuzinduka, mkimbize hospitali.

Ukienda kwenye maombi au kwa mganga, nenda na dawa zake mfukoni. Dozi ya leo jioni isirukwe.