Kugundua Kisichoonekana: Habari ya Chembe ya Higgs

Mtu akikuta dirisha limevunjwa na nyayo zipo mchangani, hugundua kwamba mwizi aliingia usiku, ijapokuwa hakumwona. Basi kugundua si lazima kuwe kuona. Ni kufikia yakini kwa njia ya dalili. Maana hiyo yalingana barabara na tukio la tarehe 4 Julai, 2012.

Katika mwaka 1964 Peter Higgs huko Uingereza, na François Englert na Robert Brout huko Ubelgiji, walieleza kwa hesabu jinsi chembe za msingi zipatavyo uzito. Nadharia hiyo ilidai kuwapo kwa chembe moja isiyojulikana bado. Ili kuitafuta, shirika la CERN liliweka karibu na Geneva, chini ya ardhi ya Uswisi na Ufaransa, mtambo wa mviringo wenye mzingo wa kilomita 27, ambamo protoni hugonganishwa.

Chembe ya Higgs ikizaliwa hufa papo hapo, wala haifikii vyombo vya kupimia. Mara chache huvunjika ikawa fotoni mbili, yaani chembe mbili za mwanga. Lakini jozi za fotoni hutoka pia katika migongano mingine mingi. Kwa hiyo jozi moja haithibitishi neno. Wachambuzi hupima nguvu na pembe za kila jozi, wakapata uzito wa kitu ambacho kingeweza kuizaa, kisha huziweka zote katika mchoro mmoja. Jozi za kawaida hutandaa kama mteremko laini. Zile zilizotokana na chembe ya aina moja hukusanyika mahali pamoja, zikafanya nundu.

Nundu nayo yaweza kuwa ya bahati tu. Kwa ajili hiyo wanafizikia wamejiwekea sharti: wasidai ugunduzi mpaka uwezekano wa bahati tupu kuleta nundu kama hiyo uwe karibu 1 katika milioni 3.5. Katika Desemba 2011 nundu ilikwisha kuchomoza, wao wakaiita dalili tu. Mwaka uliofuata wachambuzi wa kundi la CMS walijizuia kuitazama sehemu ile ya mchoro mpaka njia yao ya uchambuzi ilipokwisha kukubaliwa, tamaa isije ikawapotosha. Makundi mawili, CMS na ATLAS, yalipofikia jibu moja, yaani uzito wa karibu mara 133 ya uzito wa protoni, ndipo neno likatamkwa.

Faida ya sharti hilo ilidhihirika baadaye. Katika Desemba 2015 makundi yale yale yalionyesha nundu nyingine, na wananadharia wakaandika mamia ya makala kuieleza. Hawakuiita ugunduzi. Kufika Agosti 2016, hesabu za migongano zilipoongezeka, nundu ile ilitoweka.