Vijana wageni jijini na mtihani wa bahasha ya dawa

BASI litokalo Njombe au Makete huingia Kituo cha Mabasi cha Magufuli, Mbezi Luis, jioni au usiku. Miongoni mwa abiria wanaoshuka hakosekani kijana wa miaka 15 au 16 mwenye begi moja, anayepokelewa na shangazi, dalali wa wafanyakazi wa ndani au rafiki aliyemtangulia. Kabla ya siku kwisha atakuwa amefika Tabata, iwe Kimanga, Segerea au Liwiti, ambako kazi inamngoja: kulea mtoto, kuuza genge au kutembeza maji ya chupa kwenye foleni za magari.

Jiji humfundisha mengi kwa haraka. Baada ya wiki mbili anazijua nauli za daladala na anajua wapi nyanya ni za bei nafuu. Jambo moja hafundishwi na mtu, nalo ni namna ya kuumwa akiwa mjini.

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam, kutoka 4,364,541 mwaka 2012. Sehemu ya ongezeko hilo ni wahamiaji kutoka mikoani, na wengi wao ni vijana. Wataalamu wa afya ya jamii husema kuwa usalama wa mtu kama huyu hautegemei kuwapo kwa zahanati pekee. Hutegemea pia uwezo wake wa kupata taarifa za afya, kuzielewa, kuzipima na kuzitumia. Kijana anaweza kuwa amemaliza darasa la saba, anasoma ujumbe wa simu bila shida, na bado akashindwa mtihani wa bahasha ndogo ya kaki anayopewa dirishani.

Juu ya bahasha hiyo huandikwa 2x3 au 1x2. Kwa muuguzi, 2x3 ni vidonge viwili mara tatu kwa siku. Kwa mgeni asiyeelezwa inaweza kuwa vidonge viwili kwa siku tatu, au hesabu ya kuzidisha inayompa vidonge sita kwa mkupuo. Karatasi iliyomo ndani ya pakiti mara nyingi imeandikwa kwa Kiingereza. Binti aliyezoea Kikinga nyumbani na Kiswahili cha shuleni huona aibu kuuliza, hasa foleni inapokuwa ndefu nyuma yake.

Malaria inaonyesha hatari hiyo waziwazi. Katika nyanda za juu kama Makete, ugonjwa huu ni nadra kutokana na baridi, hivyo mwili wa kijana aliyekulia huko haujajijengea kinga ya kutosha. Akipata homa ya kwanza Tabata huidhania uchovu wa kazi au mabadiliko ya hewa. Kwa upande mwingine, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa maambukizi kwa watoto wa chini ya miaka mitano yalikuwa asilimia 8 nchini na asilimia 23 mkoani Tabora. Anayetoka huko anaweza kushuka Mbezi akiwa tayari na vimelea mwilini. Kwa wote wawili jibu ni moja: kupima kwanza, kwa sababu homa haisemi jina lake.

Akikutwa na malaria isiyo kali, mwenye uzito wa kilo 35 na zaidi hupewa dawa ya mseto vidonge 24. Humeza vinne palepale, vinne vingine baada ya saa 8, kisha vinne asubuhi na vinne jioni kwa siku mbili zinazofuata, akiwa amekula. Tatizo hujitokeza siku ya pili. Homa imeshuka, mwajiri anataka kazi, na vidonge vilivyobaki huwekwa akiba au kugawiwa rafiki. Vimelea vilivyosalia humrudisha kitandani, tena hupata nafasi ya kuizoea dawa. Taifa limeshalipia usugu wa aina hiyo. Klorokwini iliachwa mwaka 2001, SP ikafuata mwaka 2006 mseto ulipochukua nafasi yake, na katika miaka ya karibuni watafiti wamethibitisha mkoani Kagera vimelea vilivyoanza kuistahimili kwa kiasi artemisinini, kiungo cha mseto wenyewe.

Eneo la pili ni haki ambazo kijana hazijui. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 ilitaka mtoto apimwe VVU kwa ridhaa ya mzazi au mlezi. Kwa binti ambaye mzazi wake yuko Makete na mlezi wake ni mwajiri, sharti hilo lilikuwa ukuta. Marekebisho ya mwaka 2019 yalishusha umri wa kujiamulia hadi miaka 15. Hata hivyo, sheria isiyojulikana kwa mlengwa haina tofauti na sheria isiyokuwapo. Suala hili si dogo, kwani utafiti uleule wa 2022 ulibaini kuwa asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au walikuwa wamewahi kupata ujauzito.

Hali ni hiyohiyo kwa chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi. Tangu Aprili 2024 hutolewa kwa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Wengi huifikia kupitia shule, lakini binti wa miaka 13 anayelea mtoto wa mwenzake Kimanga hayumo katika orodha ya darasa lolote. Asipopelekwa kituo cha afya, chanjo humpita. Kadhalika, anayekohoa kwa wiki mbili au zaidi huendelea kununua dawa ya kikohozi bila kujua kuwa kupima na kutibiwa kifua kikuu ni bure.

Mzigo huu haumwangukii kijana peke yake. Mwajiri aliyemtoa kijijini ndiye mlezi wake hapa mjini, na anapaswa kumwonyesha zahanati iliko kama anavyomwonyesha soko. Mtoa dawa anaweza kumwomba mgonjwa arudie maelekezo kwa maneno yake kabla ya kuondoka, jambo lisilochukua hata dakika moja. Wizara ya Afya ina namba 199 ya kupiga bure kwa maswali ya afya, na 116 ni ya msaada kwa mtoto.

Wakazi wa Tabata wanaijua nguvu ya taarifa. Mwaka 1988 walikwenda Mahakama Kuu kupinga taka za jiji zilizokuwa zikimwagwa na kuchomwa katikati ya makazi yao, nao wakashinda. Jina la Dampo limebaki kuwa ukumbusho. Mgeni wa miaka 16 hahitaji wakili. Anahitaji ujasiri wa kuuliza maswali matatu dirishani: Naumwa nini? Dawa hii naimeza vipi, kwa siku ngapi? Nikiona dalili gani nirudi haraka?