KWANZA TUNAFUNGUA KAMBA



Kila kazi ina chombo chake. Mchuma chai ana kikapu, mkata miwa ana panga, fundi wa kiwandani ana spana. Sisi wauguzi wa magonjwa ya akili watu hutuuliza chombo chetu ni kipi, na wengine hujijibu wenyewe kwa kicheko: "Fimbo!" Tumeonelea tuieleze kazi yetu ilivyo, kwa sababu wagonjwa wetu wengi wanatoka kwenu, na wakipata nafuu wanarudi kwenu.

Tunakaa Carama, kaskazini mwa jiji la Bujumbura, jirani na Kinama. Asubuhi tunatoka mapema, maana basi ni la kugombania, na siku mafuta yanapokosekana mjini tunakwenda kwa miguu. Upande huu wa mji ndiko kuliko na kituo cha magonjwa ya akili cha Kamenge, kinachojulikana Burundi nzima. Kilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 na watawa wa shirika la Frères de la Charité, ambao wana hospitali kama hiyo Ndera, karibu na Kigali, na nyingine Bukavu. Hata hivyo tunayoyasimulia hapa si ya hospitali moja. Tumefanya kazi mahali mbalimbali, na majina ya mahali hapo tunayaacha.

Wanavyoletwa

Siku moja wanaume sita walimleta mwenzao, fundi wa mashine katika kiwanda ambacho hatukitaji. Walikuwa wamemfunga kamba mikono na miguu, na kamba ilikuwa imekata ngozi. Walituambia kwamba kwa usiku nne hakulala, kwamba alisikia mashine inamtukana kwa jina, na kwamba mwishowe alivua nguo mbele ya watu akaanza kupiga kila aliyemkaribia. Kabla ya kuja kwetu walikuwa wamekwisha kumpeleka kwa mganga, kisha kwenye maombi. Miezi miwili ilikuwa imepita hivyo.

Kazi yetu ya kwanza ilikuwa kufungua kamba. Hatukuifungua kwa ushujaa wa mtu mmoja. Tulikuwa wanne, kila mmoja anajua mahali pake. Mmoja tu ndiye anayesema, kwa sauti ya chini, tena anamwita mgonjwa kwa jina lake. Hasimami mlangoni, maana mtu mwenye hofu akiona mlango umezibwa hupigana. Mikono yake iko wazi, ionekane kuwa haina kitu. Tulimwuliza kama ana kiu. Alikuwa na kiu. Alikunywa vikombe vitatu vya maji, na baada ya hapo alikubali sindano. Vidonda vya kamba tulivisafisha siku kumi na mbili.

Hatumlaumu aliyefunga. Waliomfunga walikuwa wakimpenda, wala hawakuwa na njia nyingine waliyoijua. Lakini ndugu, laiti wangemleta usiku wa pili wa kukosa usingizi, kamba isingehitajika.

Zamu ilivyo

Tukipokea zamu tunahesabu: wagonjwa wangapi, funguo ngapi, nyembe ngapi. Kisha dawa. Mgonjwa anameza mbele yetu, na tunaangalia chini ya ulimi, maana wako wanaozificha. Kisha kuoga, kukata kucha, kunyoa, kufua. Wale ambao hawali tunakaa nao mpaka wale. Yule aliyesema jana kwamba anataka kufa, leo hatumwachi peke yake hata chooni.

Sehemu kubwa ya kazi ni kutazama na kusikiliza. Mgonjwa akianza kutembea upesi upesi ukutani, au akinyamaza ghafula baada ya kuongea sana, muuguzi mzoefu anajua kuna jambo. Fundi wa mashine naye husikia mlio ukibadilika kabla chuma hakijavunjika.

Tunapigwa pia. Mwenzetu mmoja alipoteza jino. Hakurudisha kofi. Alitoka nje, akalia, akanawa, akarudi kumalizia zamu. Mgonjwa yule alipopata nafuu alikuja kuomba msamaha, naye hakukumbuka vizuri alichokifanya. Usiku mwingine tumekuwa wawili tu kwa wodi nzima, na mmoja akienda kumshika mgonjwa wa kifafa, wengine wote wanabaki na mmoja. Haya nayo ni mambo ya usalama kazini, sawa na mkono unaoliwa na mashine.

Ugonjwa una majina mengi

Kirundi kina neno ibisazi, yaani wazimu unaoonekana na kila mtu. Lakini kina pia akabonge, huzuni inayomfunga mtu moyo asitake kula wala kusema, na ihahamuka, hofu ya mtu aliyeona mambo ya kutisha na ambaye kila kishindo kinamrudisha kule. Nchi hii iliona mauaji ya 1972, kisha vita vilivyofuata kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye tarehe 21 Oktoba 1993, kisha machafuko ya 2015. Kamenge na Kinama, majirani zetu, ziliona mapigano mitaani. Basi mwenzako akitetemeka mlango wa ghala unapofungwa kwa kishindo, usimcheke. Huenda kilio anachosikia wewe hukukisikia.

Dawa na njaa

Wengi hudhani dawa hizi ni za kulaza watu tu. Sivyo. Dawa ya kwanza ya namna hii, klorpromazini, ilianza kutumiwa kwa wagonjwa wa akili mjini Paris mwaka 1952. Haloperidoli, tunayoitumia sana, ilipatikana Ubelgiji mwaka 1958 katika maabara ya Paul Janssen. Usingizi unaweza kurudi siku za kwanza, lakini sauti na hofu huchukua majuma kadhaa kupungua. Iko sindano ya mara moja kwa mwezi kwa yule anayesahau vidonge.

Dawa zina matatizo yake, na hatuwafichi. Shingo inaweza kukakamaa, macho yakapinda juu, jamaa wakadhani mtu wao amelishwa sumu. Wasikimbie: wamrudishe upesi, iko dawa ya kulegeza. Nyingine huleta njaa kubwa. Wagonjwa wametuambia mara nyingi: "Dawa yenu inataka chakula, na nyumbani hakuna." Mtu huyo si mkaidi anapoacha dawa. Ni maskini. Tukimwandikia dawa bila kuuliza kuna nini chunguni, tumefanya nusu ya kazi.

Kifafa kiwandani

Tunauguza pia kifafa, na hapa kila mfanyakazi anaweza kuokoa mtu. Kifafa hakiambukizwi kwa mate wala kwa kumgusa mgonjwa. Tumepokea akina mama walioungua motoni kwa sababu walipoanguka jikoni watu walikimbia badala ya kuwavuta. Mwenzako akianguka: zima mashine, ondoa vitu vya hatari, mwekee kitu laini chini ya kichwa, na mtikisiko ukipungua mlaze ubavu. Usimtie kijiko mdomoni, usimkandamize. Mtikisiko ukizidi dakika tano, apelekwe hospitali.

Kurudi kazini

Sasa turudi kwa yule fundi. Baada ya majuma saba alitoka, anaongea vizuri, anaulizia watoto. Alikwenda kiwandani na karatasi ya daktari. Mlangoni waliokuwa wenzake walisema kwa sauti, "Umusazi karudi." Mkubwa wa kazi alimwambia nafasi yake imekwisha kuchukuliwa. Alikaa nyumbani. Fedha za nauli ya kufuata sindano zikakosekana, sindano ya mwezi ikapita, na ya pili ikapita. Mwezi wa tatu aliletwa tena, na safari hii kamba ilikuwa ngumu zaidi.

Dawa ilikuwa imefanya kazi yake, na sisi tulikuwa tumefanya yetu. Kilichomrudisha wodini ni mlango wa kiwanda.

Shirika tulilolitaja hapo juu lilianzishwa mjini Gent, Ubelgiji, mwaka 1807, na padri Petrus Jozef Triest. Tangu miaka ile ya mwanzo watawa wake walichukua kazi ya kuwatunza wenye wazimu, wakati ambapo huko Ulaya pia watu hao walifungwa minyororo. Kwa hiyo kamba si aibu ya Waafrika peke yetu. Ni jambo la watu wote wenye hofu, na watu wengine wamekwisha kujifunza kuliacha.

Tunawaomba wenzetu mambo matatu. Kwanza, mtu asiyelala usiku mbili tatu, anayeongea peke yake au anayesema amechoka kuishi, mleteni mapema. Pili, chama kidai kwamba mfanyakazi aliyeugua akili ahesabiwe mgonjwa kama aliyevunjika mguu: apewe ruhusa ya kutibiwa, ruhusa ya siku ya sindano, na nafasi yake akirudi, hata kama mwanzoni atapewa kazi nyepesi, mbali na mashine. Tatu, mwiteni kwa jina lake.

Fundi yule yuko nje tena. Sindano anafuata, na anatengeneza baiskeli kando ya barabara akingojea jibu la kiwanda. Mikononi mwake alama za kamba bado zinaonekana. Sisi tulichoweza kufungua tumekwisha kufungua. Kilichobaki kimo mikononi mwenu.