KISOMO KIPYA: VIJANA WA IGAMBA WAJENGE TOVUTI KWA MIKONO YAO

Mkulima wa Igamba, wilayani Mbozi, hajifunzi kilimo cha kahawa kwa siku moja. Huanza kitaluni akatunza miche. Kisha hupanda, hupalilia, hupogoa, na hungoja miaka mitatu hivi kabla hajachuma matunda ya kumfaa. Hakuna amwonaye mjinga kwa kungoja. Lakini mtoto wa mkulima huyo huyo akiambiwa ajifunze kuandika tovuti, hutaka aijue kazi yote kabla mvua hazijakatika. Na asipoijua, husema kwamba kazi hiyo si ya watu wa shamba. Kauli hiyo si kweli, nasi leo twataka kuipinga.

Taifa letu limepata kukutana na kauli ya namna hii zamani. Mwaka 1970 ulipotangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, walikuwako waliosema kwamba mzee mwenye jembe mkononi hawezi kushika kalamu. Wazee wakaishika. Kwa takwimu za Serikali, mwaka 1975 wasiojua kusoma na kuandika walikuwa kama asilimia 39 ya watu wazima. Ilipofika mwaka 1986 walikuwa chini ya asilimia 10. Kazi hiyo haikufanywa na wataalamu peke yao. Aliyejua kidogo alimfundisha asiyejua kabisa.

Yafaa pia tukiri kwamba sisi wenyewe tuliwahi kuiogopa kompyuta. Mashine ya kwanza ya namna hiyo nchini iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Hesabu zilipoharibika na gharama zikazidi, mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, na marufuku hayo yalikuja kulegezwa baadaye. Hatusemi haya ili kuwalaumu waliotutangulia, kwa kuwa walikuwa wakiilinda fedha ya umma. Twasema ili tujifunze: mashine iliyoletwa na wageni, ikaendeshwa na wageni, na wenyeji wasijue undani wake, haiwezi kuwa mali ya wenyeji. Dawa yake ni kujifunza undani huo.

Leo njia iko wazi. Mwaka 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam, na Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano umetandazwa hadi mpakani Tunduma, ukaungana na Zambia. Kama vile reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, ilivyopita katika nchi ya Mbozi, ndivyo habari za dunia zinavyopita sasa karibu na milango yetu. Swali ni moja tu: je, tutakuwa watazamaji wa mizigo ya wengine, au nasi tutapakia yetu?

Sasa tovuti ni kitu gani? Mwaka 1989 Mwingereza Tim Berners-Lee, akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha CERN karibu na Geneva, alipendekeza njia ya kuziunganisha karatasi za habari zilizomo katika kompyuta mbalimbali. Tarehe 30 Aprili 1993 kituo hicho kiliutoa uvumbuzi huo kwa dunia nzima bila malipo. Kwa hiyo anayejifunza leo haombi ruhusa ya mtu, wala hadaiwi senti na mvumbuzi.

Kazi yenyewe yafanana na kujenga nyumba. Lugha ya HTML ndiyo nguzo, fito na paa: huonyesha kipi ni kichwa cha habari, kipi ni aya, kipi ni picha, na kipi ni kiungo cha kwenda ukurasa mwingine. Lugha ya CSS ndiyo lipu na rangi. Lugha ya JavaScript ndiyo milango na bawaba, yaani vitu vitendavyo kazi: mkulima aandike kilo za kahawa yake, ukurasa uzidishe kwa bei na kumpa jumla. Fundi hapaki rangi kabla ya kusimamisha nguzo. Anayeanza na ashike utaratibu huo huo.

Wako wasemao: hatuna kompyuta. Twajibu kwamba simu janja inatosha kwa kuanza. Wako wasemao: hatuna bando. Twajibu kwamba ukurasa ulioandikwa na kuhifadhiwa ndani ya simu hufunguliwa na kivinjari bila intaneti yoyote. Bando lahitajika kwa kupata mafunzo na kwa kuutangaza ukurasa, wala si kwa mazoezi ya kila jioni. Wako pia wasemao: maneno yake ni ya Kiingereza. Ni kweli, lakini alama za HTML ni mia moja na kitu tu, na anayeanza hutumia kama 20. Fundi wa baiskeli aliyejifunza spana na breki hakungoja kwanza kuijua lugha ya Waingereza. Na yaliyomo ndani ya ukurasa yote yaweza kuandikwa kwa Kiswahili. Mwandishi akiweka herufi mbili tu, sw, mwanzoni mahali pa lugha, kivinjari chochote duniani hutambua kwamba habari hii ni ya Kiswahili.

Lakini kuanza si kubobea. Ubaya mkubwa wa wanafunzi wengi ni kunakili kazi ya mwingine wasiyoielewa. Kivinjari cha kompyuta humruhusu mtu yeyote kutazama jinsi ukurasa ulivyoandikwa. Hilo ni darasa kubwa, lakini darasa si mahali pa kuiba majibu. Kijana asome mstari mmoja, aufunge, auandike kwa kichwa chake, kisha aone umekosea wapi. Mara nyingi atakuta amesahau kufunga alama aliyoifungua. Mashine haikisii nia ya mtu. Husoma kilichoandikwa tu. Kulitafuta kosa hilo dogo kwa uvumilivu ndiyo shule yenyewe.

Tena ajifunze kwa kazi ya kweli. Vyama vya ushirika vya mazao, yaani AMCOS, vina habari nyingi za kutangaza: bei, siku za kupokea kahawa, na ubora wa zao. Mara nyingi chama hulipa fundi wa mjini, naye huondoka na nywila zote. Ada ya mwaka ya jina la tovuti isipolipwa, ukurasa hufa, na wanachama hubaki na risiti. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Chama chenye vijana wake wawili wanaoijua kazi hii hakitafikwa na hayo.

Na kijana wa Igamba ana elimu ambayo fundi wa mbali hana: ajua mtandao wa kijijini ulivyo dhaifu. Picha ya megabaiti tatu ikitazamwa na watu 100 hula megabaiti 300 za bando la wanyonge. Ikipunguzwa hadi kilobaiti 100, hula kama megabaiti kumi tu. Kumhurumia msomaji maskini ni sehemu ya ufundi.

Kwa hiyo twawaomba wanachama wa Chama, walimu na wafanyakazi: pale palipo na ofisi ya tawi, au darasa linalobaki tupu jioni, pafunguliwe kisomo hiki kipya. Mwenye kujua alama tano amfundishe asiyejua hata moja, na wasichana wasiachwe jikoni wakati ndugu zao wanajifunza. Mwalimu Nyerere aliandika juu ya Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, na maana yake haijachakaa: elimu ni ile inayomwezesha mtu kulifaa jambo la mahali pake.

Basi kijana aanze jioni hii kwa ukurasa mmoja wenye jina la kijiji chake na mstari mmoja juu ya zao lake. Kesho aongeze mstari wa pili.